Kapteni Storms, mlinzi wa bendera ya nyota katika boma la Karema

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MSAFIRI anayeteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa hadi Ziwa Tanganyika, kisha akafuata mwambao kuelekea kaskazini na kuiacha Kirando nyuma yake, hatimaye hufika Karema. Leo Karema imo katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini historia yake haijawahi kutenganishwa na ya Sumbawanga. Jimbo Katoliki la Sumbawanga lenyewe liliitwa Jimbo la Karema hadi mwaka 1969.

Wakazi wengi wa Rukwa wanaikumbuka Karema kwa ajili ya Daktari Adrian Atiman, Mwafrika wa magharibi aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu Malta, na kuwatibu watu wa mwambao huo tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Sumbawanga inayoitwa kwa jina lake inamtunzia kumbukumbu hiyo.

Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba kabla ya msalaba wa wamisionari kusimikwa Karema, palikuwapo mlingoti, na juu yake ilipepea bendera ya rangi ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu katikati. Anayeijua bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo atashtuka kidogo. Ndiyo nyota ile ile. Kituo cha kwanza ambacho wenye bendera hiyo walikijenga katika bara hili hakikuwa Kongo. Kilikuwa upande wetu wa ziwa.

Mtu aliyefungamana na bendera hiyo kuliko mwingine yeyote katika eneo hili ni Emile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji. Si yeye aliyeibuni, wala si yeye aliyeipandisha Karema kwa mara ya kwanza. Lakini ndiye aliyeivusha ziwa, ndiye aliyepigana vita chini yake, na ndiye aliyeamriwa kuiondoa.

Storms alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa Wetteren, Ubelgiji. Aliingia jeshini angali kijana na kupanda vyeo polepole, katika nchi ndogo ambayo haikuwa na vita vya kupigana wala makoloni ya kutawala. Kwa maofisa wa rika lake, Afrika ilikuwa njia ya kutoka katika maisha ya kambi yasiyo na tukio.

Njia hiyo ilifunguliwa na mfalme wao. Septemba 1876, Mfalme Leopold wa Pili aliwaalika wanajiografia na wasafiri mashuhuri wa Ulaya mjini Brussels, na kutokana na mkutano huo kikazaliwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Kwa maneno yaliyoandikwa, chama hicho kilikuwa cha elimu na huruma: kujenga vituo vya kuwapokea wasafiri, kuchunguza nchi, na kupambana na biashara ya watumwa. Mwaka uliofuata, Juni 1877, kamati yake ilichagua bendera. Maana iliyotolewa ilikuwa nyepesi kueleweka: nyota ni mwanga wa ustaarabu unaong'aa katika bara ambalo Wazungu wa enzi hiyo waliliita la giza.

Msomaji atafakari jambo hilo. Hapakuwa na taifa, wala nchi, wala raia. Palikuwapo chama chenye ofisi Brussels, na chama hicho kikajishonea bendera. Waliotakiwa kuishi chini ya nyota hiyo hawakuulizwa kama kwao kulikuwa na giza.

Hapa Ufipa palikuwapo falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zote za ukoo wa Watwa, na mafundi wake wa chuma walikuwa wakiyeyusha madini katika tanuri ndefu za udongo ambazo masalia yake yanaonekana hadi leo. Alama ya enzi haikuwa kitambaa. Simulizi ya Wafipa inaeleza kwamba Milanzi, mtawala wa kale, alikwenda kuwinda baada ya kumwonya mkewe asimpe mgeni yeyote kigoda chake. Wakatokea wanawake wageni, mke akaingiwa na hofu, akawapa kigoda, na tangu siku hiyo nchi ikawa ya Watwa. Milanzi akabakiwa na heshima ya matambiko. Kwa watu wenye simulizi kama hiyo, hakuna la ajabu katika mgeni anayeingia na kuketi juu ya alama. Jambo jipya lilikuwa mgeni anayekuja na alama yake mkononi.

Msafara wa kwanza wa chama ulipitia Zanzibar, na bahati yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Viongozi wawili, Crespel na Maes, walifariki huko huko Zanzibar Januari 1878. Wautier alifariki njiani kabla ya mwaka huo kwisha. Aliyebaki, Kapteni Ernest Cambier, aliendelea na wapagazi wake hadi ziwani, na Agosti 12, 1879 akafika Karema, mahali alipoanzisha kituo. Boma lililojengwa hapo likaitwa Fort Leopold.

Mwaka huo huo wa 1879, tembo wanne kutoka India walishushwa katika ghuba ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, ili kuona kama wanyama wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi katika safari ya kwenda ziwani. Jaribio halikufanikiwa, tembo walikufa mmoja baada ya mwingine. Aliyewaongoza, Frederick Carter, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe Juni 1880, walipojikuta katikati ya vita vya Mirambo wa Unyamwezi. Kapteni Ramaeckers, aliyepewa uongozi wa Karema baadaye, alifariki hapo Februari 1882.

Hicho ndicho kituo ambacho Storms alikikuta alipowasili Septemba 1882, akiwa na umri wa miaka 36. Hata mahali penyewe palikuwa pamelaumiwa. Mwanajiografia wa Uskochi, Joseph Thomson, aliyepita Karema na Ufipa mwaka 1880, hakuona sababu ya kuchagua kilima kilichozungukwa na kinamasi. Zaidi ya hayo, ziwa lilikuwa likirudi nyuma. Mto Lukuga, unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi, ulikuwa umefunguka upya miaka michache kabla, na kina cha ziwa kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka. Boma lililokusudiwa kuwa kando ya maji lilijikuta likitazama matope.

Storms hakuwa mtu wa kulalamikia matope. Alikuwa mjenzi. Alisimamia ujenzi wa kuta, nyumba na mashamba, na mwambao mzima ukamjua kwa jina la Bwana Boma. Nguvu yake ilikuwa warugaruga, wapiganaji wa kukodiwa wenye magobori ambao katika miaka hiyo walimtumikia yeyote mwenye nguo na baruti za kuwalipa. Kuzunguka boma waliishi watu waliokombolewa utumwani, wakimbizi wa vita, na wengine waliotafuta ulinzi wa bunduki zake. Wakati huo huo alikuwa mkusanyaji wa kila kitu: viumbe wa ziwani na wa nchi kavu, silaha, vinyago, na habari za mila za watu, ambazo baadaye aliziandikia makala.

Amri aliyopewa ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Leopold alitaka mlolongo wa vituo kutoka bahari hadi bahari: Storms akitokea mashariki, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akijenga vituo vya mfalme kando ya Mto Kongo, akitokea magharibi. Kwa ajili hiyo Storms alivuka ziwa, na Mei 1883 akaanzisha kituo cha pili, Mpala, katika nchi ya Watabwa. Mtawala wa mahali hapo, aliyeitwa Mpala, alichanjiana naye udugu. Hivyo bendera ya nyota ikavuka kutoka Tanzania ya leo kwenda Kongo ya leo, ikiwa ndani ya mtumbwi, karibu miaka miwili kabla ya dola lolote la Kongo kutangazwa kuwapo.

Juu ya Mpala, katika milima ya Marungu, aliishi Lusinga, mtawala aliyejijengea nguvu kwa kuuza watumwa na pembe za ndovu na kununua bunduki. Thomson alikuwa amemtembelea miaka kadhaa kabla. Haitakuwa haki kumgeuza Lusinga kuwa malaika kwa sababu tu ya yale yaliyompata; vijiji vingi vilivunjwa na watu wake. Lakini haitakuwa haki pia kusema kwamba Storms alimpiga kwa ajili ya watumwa peke yake. Wote wawili walitaka utii wa vijiji vile vile, na mlima haukuwa na nafasi ya mabwana wawili.

Desemba 4, 1884, warugaruga wa Storms, wakiongozwa na msafiri Mjerumani Paul Reichard, walipanda mlimani na kuingia katika kijiji cha Lusinga. Storms mwenyewe alibaki Mpala akisubiri. Lusinga aliuawa, makumi ya watu wake wakafa pamoja naye, na zaidi ya 100 wakatekwa. Kijiji kilichomwa moto. Kichwa cha Lusinga kilikatwa na kuletwa kwa kapteni, ambaye alihifadhi fuvu lake. Kabla hajaondoka, alikuwa amepata na mafuvu ya watawala wengine wawili, Mpampa na Marilou. Katika nyara hizo kilikuwamo pia kinyago cha mbao cha Lusinga, kilichochongwa kuonesha nasaba ya mababu zake.

Siku hiyo ya Desemba, mjini Berlin mabalozi wa mataifa ya Ulaya na Marekani walikuwa katika mkutano ulioanza Novemba 15, 1884 na kumalizika Februari 26, 1885. Huko bendera ya nyota ilikuwa ikizungumzwa kwa lugha nyingine kabisa. Aprili 22, 1884, Marekani ilikuwa imetangulia kuitambua kuwa ni bendera ya serikali rafiki, na Novemba Ujerumani ikafuata. Chama cha awali kilikuwa kimekwisha kuachia nafasi yake kingine, Chama cha Kimataifa cha Kongo, ambacho kilikuwa mali ya mfalme lakini kilitumia bendera ile ile. Mabalozi walioitambua hawakuwa wameona Karema wala Mpala. Waliitambua nyota kwa sababu walikuwa wakijua habari za mwanga, na hakuna aliyekuwa amewapelekea habari za Marungu.

Kwa Storms, ushindi wa mfalme wake ulikuwa mwisho wa kazi yake mwenyewe. Leopold alipopata dola kubwa kwa njia ya Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki, hakuwa tena na haja na barabara ndefu ya kutoka Zanzibar. Mwaka 1885, Storms aliamriwa kukabidhi vituo vyote viwili kwa Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadri Weupe, walioanzishwa na Kadinali Lavigerie. Alikabidhi kati ya mwaka, kwa uchungu ambao waandishi wa maisha yake hawakuuficha, akarudi Ulaya na masanduku yake. Alikuwa amekaa katika ziwa kwa muda usiotimia miaka mitatu.

Mapadri walirithi boma, watu waliolizunguka, na hata sehemu ya madaraka yake. Kwa muda mapadri wa Mpala walihukumu mashauri na kuwa na askari, na mwanajeshi Mfaransa, Kapteni Leopold Joubert, akaja kuwalinda. Kutoka Karema ndipo misheni zilipopanda hadi uwanda wa Ufipa. Kwa hiyo parokia nyingi za Rukwa, ukizifuata mizizi yake hadi mwisho, zinakufikisha katika boma la Storms.

Bendera ya nyota haikurudi Karema. Kwa mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Ufipa na mwambao wake vilithibitishwa kuwa upande wa Wajerumani, ambao baadaye walijenga kituo chao Kasanga na kukiita Bismarckburg. Waingereza walikitwaa mwaka 1916. Desemba 9, 1961 ikaja bendera ya Tanganyika huru, na mwaka 1964 ikaja hii ya Muungano, ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzitaja rangi zake: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, buluu ni maji, dhahabu ni madini. Tofauti yake na ile ya Karema ni kwamba ndani yake wamo watu. Ile ya Storms ilikuwa na anga na mwanga tu.

Huko Ubelgiji, Storms aliishi kwa heshima. Alipanda hadi cheo cha jenerali, akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha Wabelgiji cha kupiga vita utumwa, na kusaidia kuandaa misafara ambayo katika miaka ya 1890 ilianzisha Albertville, mji unaoitwa Kalemie sasa, ng'ambo ya ziwa. Nyumba yake ilipambwa kwa mikuki, ngao na kinyago cha Lusinga. Mafuvu yalipelekwa kwa wanasayansi, na mwaka 1886 daktari Emile Houzé aliyapima na kuyaeleza mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Brussels, kwa namna ya elimu ya wakati ule iliyotafuta kuthibitisha unyonge wa mtu mweusi katika mifupa yake. Storms alifariki mwaka 1918. Miaka kadhaa baadaye mjane wake alitoa mkusanyiko huo kwa makumbusho ya Tervuren, na mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels.

Nyota nayo iliendelea na safari yake. Ilikuwa bendera ya Dola Huru la Kongo, ambalo mateso ya watu wake katika ukusanyaji wa mpira yaliishtua dunia hadi mfalme akanyang'anywa mwaka 1908. Ilikuwa bendera ya koloni la Ubelgiji. Ungetarajia kwamba Wakongo walipopata uhuru Juni 30, 1960 wangeichana kwanza. Hawakufanya hivyo. Waliibakiza, wakaongeza nyota ndogo sita kwa idadi ya majimbo ya wakati huo. Mobutu aliiondoa mwaka 1971, akaweka ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Laurent Kabila akairejesha ya nyota mwaka 1997. Hii ya sasa, iliyopatikana kwa katiba ya mwaka 2006, ina buluu ya anga iliyo ishara ya amani, mstari mwekundu wa damu ya mashahidi wa taifa, kingo za njano za utajiri wa nchi, na pembeni juu nyota ile moja, ambayo sasa inaelezwa kuwa ni mustakabali wa taifa. Giza halitajwi tena mahali popote.

Wasomi wamelichambua tukio la Marungu kwa kina. Mwanaanthropolojia Mmarekani Allen Roberts, aliyeishi na Watabwa, alitoa kitabu kizima mwaka 2013 kuhusu kukutana kwa Storms na Lusinga. Lakini ni mwaka 2018, baada ya mwandishi wa habari wa Ubelgiji Michel Bouffioux kuchapisha habari za mafuvu yaliyokuwa katika sanduku ndani ya taasisi ile, ndipo umma wa nchi hiyo ulipoanza kuuliza yatarudije kwao na yatapokewa na nani. Swali la pili si rahisi kama linavyosikika. Kurudisha fuvu la mtawala kunataka watu wa ukoo wake wapatikane, wakubaliane, na wajue watalizika kwa mila ipi baada ya zaidi ya miaka 130.

Karema yenyewe imejengewa bandari mpya, kwa matumaini ya kupokea shehena ya kwenda na kutoka Kalemie. Meli na boti za upande ule hubeba bendera ya nchi yao.

Katika bustani ya Square de Meeûs, eneo la Ixelles mjini Brussels, kwa miaka mingi ilisimama sanamu ya Jenerali Storms ya kichwa na mabega, ikimheshimu kwa kazi yake ya Ziwa Tanganyika. Katika maandamano ya mwaka 2020 ilimwagiwa rangi nyekundu. Mwishoni mwa Juni 2022, halmashauri ya Ixelles ikaing'oa.